Kitabu cha Mwisho: Jinsi ya Kuupokea Mwisho wa Mfululizo Mrefu wa Fantasia

Anayemaliza mfululizo wa riwaya za fantasia aliouanza miaka kumi au ishirini iliyopita hufunga ukurasa wa mwisho akiwa na donge kooni, na akiulizwa ana nini hujibu kwa neno moja: huzuni. Neno hilo limebeba mambo matatu. La kwanza ni arosto, ile kiu ya kitu ulichozoea kukipata kila usiku na ghafla hakipo. La pili ni uchungu wa kuagana na wahusika waliokuwa kama ndugu. La tatu ni kinyongo, pale msomaji anapoona hakutendewa haki. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya kimoja haifai kwa kingine. Mwenye kinyongo ukimpa kitabu kipya atakisoma huku bado anagombana na kile cha zamani. Mwenye arosto ukimwita kwenye mjadala wa saa tatu kuhusu mwisho, atatoka na kiu ileile.

Kazi yenyewe haianzi siku ya kumaliza. Sehemu kubwa ya maumivu anayolaumiwa mwandishi hutokana na namna kitabu kilivyosomwa: kwa pupa, usiku wa manane, na nusu ya yaliyotangulia yakiwa yamesahaulika. Ndiyo maana tunaanza nyuma kidogo.

Kabla kitabu hakijatoka

Jikumbushe yaliyopita, lakini piga hesabu kwanza. The Wheel of Time, mfululizo wa fantasia wa Robert Jordan, kwa mfano, ina vitabu 14 na maneno zaidi ya milioni 4. Kwa kasi ya maneno 250 kwa dakika, kuurudia wote kunataka saa 270 hivi, yaani miezi tisa ya kusoma saa moja kila siku. Ukiwa na wiki sita tu, usijaribu. Wanaojaribu hukimbiza kurasa, na kitabu cha mwisho kikifika tayari wamekinai sauti ileile waliyokuja kuiaga. Rudia vitabu viwili vya mwisho kwa utulivu, na vilivyobaki visomee muhtasari.

Muhtasari nao una mitego. Chagua uliochapishwa kabla kitabu cha mwisho hakijatoka. Kurasa za wahusika kwenye kamusi elezo za mashabiki hubadilishwa saa chache tu baada ya kitabu kuingia sokoni, kwa hiyo fungua historia ya ukurasa na usome toleo la zamani. Na usiandike jina la mhusika kwenye kisanduku cha kutafutia: mapendekezo yanayojitokeza chini yake yanaweza kukumalizia sentensi kwa neno "anakufa" kabla hujabonyeza chochote.

Kisha chukua daftari. Wape nafasi wahusika wasiozidi ishirini, mistari mitatu kila mmoja: yuko wapi, anadaiwa nini na hadithi, na nini asichokijua ambacho wewe unakijua. Ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi:

Mhunzi. Yuko ngome ya kaskazini. Mkono wa kulia hauna nguvu tangu kitabu cha 6.
Anadaiwa: alimwahidi dada yake kwamba atarudi kabla ya theluji.
Hajui: upanga anaoufua sasa ni wa mtu aliyemuua baba yake.

Mstari wa pili ndio wenye thamani kuliko yote. Mwisho wa mfululizo ni mahali pa kulipa madeni, na msomaji aliyesahau deni hauoni ulipaji wake. Anapita juu ya aya ambayo mwandishi aliiandaa miaka minane, kisha analalamika kwamba mhunzi hakupewa mwisho.

Baada ya hapo andika maswali kumi unayotaka yajibiwe, na utie nyota kwenye matatu ambayo yasipojibiwa utaumia kweli. Yaandike kwa kalamu ya wino. Ukitumia penseli utashawishika kuyarekebisha baada ya kusoma, na daftari litapoteza kazi yake ya ushahidi, kazi utakayoihitaji baadaye kwenye suala la kinyongo.

Kama una nadharia yako kuhusu mwisho, iandike pia, na mbele yake ujibu kwa ukweli: nikiwa nimekosea, nitakasirika? Nadharia uliyoishi nayo miaka sita imeshakuwa kama sura uliyoisoma. Umeipamba, umeitetea mbele ya watu, umeiona ikitokea akilini mara mia. Sura ya mwandishi, inayosomwa mara moja tu, haiwezi kushindana nayo kwa usawa, na ni vizuri kulijua hilo mapema.

Kulinda uhondo

Watu humwaga mtama kabla hata ya siku ya mauzo. Julai 2007, picha za kurasa za kitabu cha saba cha Harry Potter zilisambaa mtandaoni siku kadhaa kabla ya tarehe 21, siku rasmi ya kutoka. Kwa hiyo anza kujilinda wiki mbili kabla. Nyamazisha jina la kitabu, la mwandishi na ya wahusika watano wakuu kwenye kila mtandao unaoutumia. Zima muhtasari wa ujumbe unaojitokeza kwenye simu ikiwa imefungwa, kwa sababu wengi huharibiwa uhondo na mstari mmoja wa rafiki aliyetuma bila kufikiri. Mwambie mtu mmoja wa karibu kwamba husomi maoni ya mtu hadi umalize, na umpe tarehe.

Wanaosubiri nakala ya kielektroniki au tafsiri wana kazi ndefu zaidi. Kitabu cha 14 cha The Wheel of Time kilitoka Januari 2013, lakini nakala ya kielektroniki ikaja Aprili. Hiyo ni miezi mitatu ya kuziba masikio huku wengine wameshamaliza. Kwa muda kama huo usijitoe kwenye makundi yote, utachoka na kurudi kwa njaa. Nyamazisha tu, halafu baki na kundi dogo la wanaosubiri kama wewe.

Kukisoma chenyewe

Pima kasi yako. Soma kurasa kumi ukiangalia saa. Zikichukua dakika 15, kurasa 150 za mwisho zitakuchukua saa tatu na dakika 45, bila mapumziko. Sasa unajua kwamba ukizianza saa nne usiku utamaliza karibu saa nane, macho yamechoka, na kurasa 40 za mwisho, ambazo ndizo ulizozisubiri, utazisoma ukiwa mbovu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kitabu. Simamisha kitabu kilipobaki na sehemu moja ya tano. Lala. Malizia mchana, siku ambayo hakuna anayekuhitaji.

Angalia pia urefu wa sura kabla ya kuianza. Katika kitabu hicho cha 14, sura ya 37 ya vita vya mwisho ina karibu maneno 80,000. Hiyo ni riwaya nzima ndani ya sura moja, zaidi ya saa tano za kusoma kwa kasi ya kawaida. Anayeiingia akidhani ni sura ya nusu saa hubanwa katikati, hana pa kuvutia pumzi, na anaishia kuruka aya za mapigano kutafuta majina anayoyapenda. Sura ya namna hiyo igawe mwenyewe: kila mtazamo unapohama kutoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa mwingine ni kituo halali.

Jambo linaloharibu usomaji wa mwisho kuliko yote ni kifo cha mhusika. Mwandishi wa fantasia akimuua mtu mkubwa, mara nyingi aya inayofuata humpeleka msomaji upande mwingine wa dunia ya hadithi, kwa mtu asiyejua lolote bado. Macho yanaendelea kusoma, akili imebaki kule nyuma. Kurasa tano zinapita bila kuingia, na ndani ya kurasa hizo tano mara nyingi ndimo mlimo maombolezo yenyewe: farasi aliyerudi peke yake, mtu anayeuliza "yuko wapi?" na wenzake wanaotazamana. Baadaye msomaji huyo husema kifo kilipita harakaharaka. Hakikupita harakaharaka, yeye ndiye hakuwepo. Ukifika mahali hapo weka alama ya penseli pembeni, funga kitabu, subiri dakika kumi, kisha rudi aya mbili nyuma kabla ya kuendelea.

Anayesikiliza kitabu cha sauti ana hatari zaidi, kwa kuwa msomaji wa sauti hasimami ukimya unapohitajika. Kama umezoea kuharakisha mara moja na nusu, kwa saa tatu za mwisho rudi kwenye kasi ya kawaida.

Je, ni kosa kufungua ukurasa wa mwisho kwanza? Kwa wengi ni kujinyima. Lakini wapo wanaoshindwa kabisa kusoma kwa hofu ya mhusika mmoja, wanasoma huku moyo unadunda na hawaoni kitu kingine. Mtu wa namna hiyo amuulize aliyemaliza swali moja la ndiyo au hapana, asikie jibu bila maelezo, kisha aendelee. Anapoteza mshtuko mmoja na kukipata kitabu kizima.

Sura ya ziada, ile inayoruka miaka mbele kuonyesha walioishi wakoje, iache hadi kesho yake. Mwisho wa vita na picha ya maisha baada ya vita ni hisia mbili, na zikimezwa pamoja ya pili huonekana nyepesi. Stephen King, kwenye kitabu cha saba cha The Dark Tower cha mwaka 2004, alimsimamisha msomaji kabla ya sehemu ya mwisho kabisa na kumwambia kwamba anaweza kuishia hapo. Ruhusa hiyo unaweza kujipa kwenye kitabu chochote. Kama hadithi imekuishia ukurasa wa 700, hulazimiki kuwa na mwisho mwingine ukurasa wa 720.

Siku mbili za kwanza

Usikipe kitabu nyota wala kukiandikia uhakiki kwa saa 48. Andika nusu ukurasa tu kwa ajili yako: picha gani imebaki, nani umemkumbuka ulipoamka. Hukumu iliyotolewa na mtu asiyelala huwa kali mno au laini mno, na ukishaitangaza utaanza kuitetea badala ya kuendelea kufikiri.

Kisha jiulize swali moja. Mtu akikupa sasa hivi riwaya nyingine nzuri ya fantasia, utaipokea? Ukijibu "haraka sana," una arosto. Ukijibu "hapana, nawataka walewale," uko kwenye kuagana. Na ukijikuta hukusikia hata swali kwa sababu kichwani ulikuwa unaipanga upya sura ya mwisho, hicho ni kinyongo. Wengi wana mchanganyiko. Anza na kilicho kikubwa.

Arosto

Hili ndilo jepesi. Kilichokatika ni mazoea: saa fulani, kiti fulani, unene wa kitabu mkononi. Usiiache ile saa tupu, lakini usiijaze na mfululizo mwingine wa vitabu kumi. Ulimwengu mpya wenye ramani na majina mapya utaupima kwa ule uliouacha, utauona hauna ladha, na utaacha katikati vitabu vizuri visivyo na kosa lolote. Kwa wiki mbili au tatu soma vitu vifupi na vya aina nyingine kabisa: hadithi fupi, upelelezi, wasifu, mashairi. Fantasia nyingine ikianza kukuvutia yenyewe, ujue umepona.

Kuagana

Hapa pakubali pachukue muda. Aliyeanza The Wheel of Time mwaka 1990 akiwa na miaka 15 aliimaliza akiwa na 38. Mtoto wa miaka 11 wakati Harry Potter ya kwanza ilipotoka Juni 1997 alikuwa na miaka 21 ya saba ilipofika. Anachokiaga msomaji kama huyo si wahusika peke yao. Anaaga chumba alichosomea kitabu cha tatu, mtu aliyemwazima cha kwanza, na umri aliokuwa nao. Ni jambo la msaada kulitaja hilo waziwazi. Chukua karatasi, orodhesha vitabu kwa mpangilio, na mbele ya kila kimoja andika mwaka ulipokisoma, ulikuwa wapi na na nani. Orodha ya mistari kumi inaweza kukuliza zaidi ya sura ya mwisho, na machozi hayo yana mahali pake.

Ukitaka kurudi kwa wahusika, usirudie mfululizo wote sasa. Fungua kitabu cha kwanza na usome sura tatu za mwanzo tu. Utawakuta wakiwa wachanga, hawajui lolote, na utaona mbegu ambazo mara ya kwanza ulizipita: jina lililotajwa mara moja, wimbo wa kijiweni, kovu lisiloelezwa. Kurudia wote kunafaa baada ya miezi sita au zaidi, ukiwa umeshasahau sentensi na kubakiwa na matukio.

Kuna kuagana kuzito zaidi, pale mwandishi mwenyewe anapoondoka. Robert Jordan, mwandishi wa The Wheel of Time, alifariki Septemba 16, 2007, kitabu cha mwisho kikiwa hakijakamilika. Aliacha maelezo mengi na sehemu alizokwisha kuziandika, ikiwemo tamati yenyewe. Harriet McDougal, mkewe na mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson aimalizie kazi, na kilichokusudiwa kuwa kitabu kimoja kikawa vitatu: 2009, 2010 na 2013. Ukisoma kazi iliyokamilishwa na mkono mwingine, tegemea sauti ibadilike. Utani utakuwa tofauti, sentensi zitakuwa fupi au ndefu kuliko ulivyozoea. Ipe kurasa 100 sikio lizoee. Na katika usomaji wa kwanza usifanye upelelezi wa nani kaandika aya ipi, kwani ukishaanza huwezi kuacha, na hadithi yenyewe itakupita.

Kwa Terry Pratchett mlango ulifungwa kwa namna nyingine. Alifariki Machi 2015, riwaya ya 41 na ya mwisho ya mfululizo wake wa Discworld ikatoka Agosti mwaka huohuo, na Agosti 2017 diski ya kompyuta iliyokuwa na kazi zake ambazo hazikukamilika ikapondwa kwa mtambo wa mvuke wa kushindilia barabara, kama alivyotaka. Wako wasomaji ambao kitabu hicho cha 41 hawajakifungua, ili pawe na kimoja kilichobaki. Ni uamuzi wa heshima, mradi uwe uamuzi kweli. Ukiamua kukiacha, kiweke mahali maalumu na uwaambie wenzako wasikusimulie. Kitabu kilichoachwa kwa kuahirishaahirisha huishia kuharibiwa uhondo na mpita njia.

Kinyongo

Fungua daftari lenye maswali kumi. Kama yale matatu yenye nyota yamejibiwa na bado una hasira, tazama nadharia yako, kwani huenda unakigombeza kitabu kwa kutokuwa kitabu chako. Kama hata moja la nyota halikuguswa, una hoja, na inafaa kuitengeneza iwe na mashiko.

Malalamiko ya mwisho wa mfululizo huwa ya namna tatu, na yakichanganywa mjadala hauishi. "Sikutaka litokee" ni haki yako, lakini halithibitishwi na kwa kawaida hupoa. "Lilitokea bila kuandaliwa" linaweza kupimwa: tafuta sehemu tatu za nyuma zinazolielekea. Pa kutafuta ni pale mhusika alipoonekana mara ya kwanza, sura yoyote alipokuwa peke yake, tabiri na nyimbo, na kurasa za mwisho za kitabu kinachotangulia. Ukizipata, lalamiko linabadilika au linakufa. Usipozipata, liandike na useme ulipotafuta. La tatu, "liliandaliwa kisha likakimbizwa," linapimwa kwa kuhesabu kurasa. Mgogoro uliobebwa vitabu vitatu ukifungwa kwa kurasa nne, namba hizo zinasema vizuri kuliko hasira yoyote.

Kuijua sababu nako kunapoza. Mfululizo mrefu huongeza wahusika wanaosimuliwa kila kitabu, na kila aliyeongezwa anadai mwisho wake. Kitabu cha mwisho kinabaki na milango thelathini ya kufunga na siku chache za hadithi za kuifungia. Mwandishi analazimika kuchagua, na mpendwa wako akiwa nambari 22 atapewa aya moja.

Lalamika kuhusu kitabu, kwa sauti unayotaka. Usimtumie mwandishi matusi, usimtaje jina ili ayaone, na usimcheke aliyeupenda mwisho uleule. Yeye naye ameaga miaka yake.

Pale ambapo mwisho haujafika

Wasomaji wa A Song of Ice and Fire walipata kitabu cha tano mwaka 2011, kisha Mei 2019 tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu hivyo, Game of Thrones, ikafika mwisho wake kabla ya vitabu. Hao wanaagana na kitu ambacho hakijaisha. Linalosaidia ni kuchagua kituo: sura moja katika vitabu vilivyopo ambapo wengi unaowapenda wako salama au wako njiani, na kuamua kwamba kwa sasa hadithi imelala hapo. Usihesabu miezi wala kusoma kila tetesi. Kitabu kikitoka utasikia tu.

Ukimwazima mtu kitabu cha kwanza

Kabla ya kumpa, futa penseli zako za pembeni na uchomoe karatasi zozote ulizosahau ndani. Chunguza jalada la nyuma la vitabu vinavyofuata, maana baadhi huanza kwa kutaja aliyekufa kwenye kilichotangulia. Vifunike kwa karatasi. Akifika kitabu cha pili atakuja kukuuliza, "Yule mhunzi anapona?" Usitabasamu, usinyamaze kwa muda mrefu, usiseme "utaona" kwa sauti nzito. Muulize amefika sura ya ngapi, na umwombe akusimulie.